Okapi wa Watalinga, na kazi ngumu ya kupiga picha za nyama wa pori kwetu

Mwaka wa 2008, watu wa ICCN pamoja na shirika la Uingereza linaloitwa ZSL walifunga kamera ndogo-ndogo kwenye miti mu pori la Watalinga, ndani ya parki ya Virunga, ngambo ya mashariki ya mto Semuliki. Walizifunga, wakaondoka. Waliporudi na kufungua kadi, walikuta mule picha za okapi, na ile mistari yake myeupe ku mapaja ikionekana vizuri kabisa. Mwezi wa Septemba ZSL ikatangaza kwamba ni mara ya kwanza, katika dunia nzima, okapi kupigwa picha akiwa huru mu pori lake.

Kwa mtu wa Beni, habari ile ilikuwa ya karibu. Watalinga ni kwetu, teritware ya Beni. Lakini mule mule mu tangazo kulikuwa habari ya pili, ambayo haikusemwa sana: watafiti walisikia kwamba nyama ya okapi, inayosemekana kutoka pori lile lile, ilikuwa ikiuzwa mu mji wa Beni. Mwenzao mmoja alionya kwamba uwindaji ukiendelea vile, okapi anaweza kuisha mu parki kwa muda wa miaka michache. Yaani wakati kamera ilikuwa ikimtafuta okapi bila kumpata, sufuria ilikuwa imekwisha kumpata.

Na hapa Kiswahili chetu kinatutega kidogo. Ngambo ya Kenya na Tanzania wanasema mnyama akiwa hai, nyama akiwa mu sahani. Sisi wa Kongo tunasema nyama kwa yote mbili. Ukimwambia mutu wa Oicha au wa Mangina "natafuta nyama", atakuuliza unalipa ngapi. Mpiga picha analazimishwa kujieleza kila pahali: namtafuta, lakini sitaki kumla.

Okapi ana historia na jina la Beni tangu zamani. Mwaka wa 1900, Mwingereza Harry Johnston, aliyekuwa akitawala Uganda, alivuka Semuliki akitafuta ile nyama ambayo Wambuti walikuwa wakiizungumzia. Alifika kwenye ngome ya Mbeni, kituo cha Wabelgiji kando ya mto, ambako jina la Beni ya leo linatoka. Askari wa pale walimwambia kwamba wanaijua, hata ngozi yake walikuwa wakikatia mikanda. Baadaye Msweden mmoja aliyekuwa akifanya kazi pale, Karl Eriksson, akamtumia ngozi nzima pamoja na vichwa viwili. Ndivyo mwaka wa 1901 wazungu wa sayansi walimpa okapi jina la Johnston, wakati yeye mwenyewe hakumwona hata mara moja akitembea. Jina okapi lenyewe lilitoka kwa watu wa pori. Wao walimjua tangu mababu, hawakuwa wakingoja mtu awagundulie. Toka ile ngozi ya Mbeni mpaka zile picha za Watalinga kulipita miaka 107.

Mbona miaka yote ile? Okapi anatembea peke yake, masikio yake ni makubwa kama ya punda na yanasikia mguu wa mtu kabla mtu hajaona kitu. Akisikia, anaingia kwenye giza la majani na ile rangi yake ya kahawia inapotea. Ukimfuata na kamera mkononi utapiga picha za majani tu. Njo maana ikabaki kazi ya ile kamera ya kufunga ku muti, ambayo wengine wanaiita kamera ya mtego.

Namna inavyofanya kazi si uchawi. Ndani kuna kifaa kinachosikia joto likitembea. Nyama mwenye damu ya moto akipita mbele, joto lake linakuwa tofauti na lile la miti, kifaa kinaamsha kamera, picha inapigwa. Usiku inatumia mwangaza ambao macho hayauoni vizuri, ndiyo sababu picha nyingi za usiku hazina rangi. Mtu anaifunga kwa urefu wa goti au kiuno, kandokando ya njia ya nyama au karibu na maji, anafyeka majani machache mbele yake, anaiacha kwa majuma.

Lakini wale wanaoifanya ile kazi wanajua taabu yake. Jani moja lililochomwa na jua likitikiswa na upepo linaweza kupiga picha mamia, na ukirudi unakuta kadi imejaa jani. Siafu wanaingia ndani. Unyevu unakula betri. Tembo naye hapendi kitu kigeni ku muti wake, anaweza kukivunja. Na kamera haichagui: inapiga picha ya okapi, inapiga pia ya mwindaji, ya mchoma makala na ya mwenye bunduki. Kwa hiyo mtu akiiona, mara nyingi anaibeba ama anaivunja. Siku hizi pori za kwetu zina watu wengi ambao hawataki sura zao zionekane.

Faida ya zile picha za 2008 ilikuwa zaidi ya uzuri. Mistari ya okapi ni kama alama za kidole, hakuna wawili wanaofanana. Thierry Lusenge, aliyekuwa mu kundi la ZSL hapa Kongo, alieleza wakati ule kwamba kwa kulinganisha mistari walikwisha kutambua okapi watatu tofauti. Watatu ni hesabu ndogo, lakini ni hesabu. Mbele ya pale kulikuwa nyayo na maneno. Tangu 2013 okapi anahesabiwa duniani kati ya nyama walio mu hatari ya kuisha, na nje ya Kongo hayuko pori lolote. Uganda walikuwa naye, leo hayuko.

Mwangaza unakimbia

Tuache okapi, tuseme juu ya mtu mwenye kushika kamera ama telefone yake mwenyewe. Adui wake wa kwanza kwetu ni mwangaza. Butembo iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Huko Ulaya jua linapanda kwa upande, polepole, na mpiga picha ana saa nyingi za mwangaza laini. Hapa jua linatoka saa kumi na mbili asubuhi na linapanda wima kama mtu anayepanda ngazi. Ikifika saa mbili, vivuli tayari ni vikali, sura ya ndege inakuwa nyeusi chini na nyeupe juu. Jioni ni vile vile: kutoka saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili, kisha giza. Mwenye kulala mpaka jua lipande amekosa siku yake.

Ndani ya pori ni kinyume. Mchana kweupe, mwangaza unaofika chini ni kidogo sana, na kamera inabaki imefungua jicho kwa muda mrefu ili ione. Katika ule muda nyama akisogeza kichwa tu, picha inatoka kama moshi. Sokwe mkubwa wa milima, yule tunayemwita ngila, anaongeza taabu nyingine: manyoya yake ni meusi. Kamera inafikiri kwamba pahali ni giza, inaongeza mwangaza, ngila anatoka mwenye rangi ya majivu na majani nyuma yake yanaungua kuwa meupe. Ku telefone nyingi dawa yake ni rahisi: gusa sura ya nyama ku kioo, kisha vuta kidole chini mpaka weusi urudi. Kwa nyange mweupe ku maji ya ziwa Edward, fanya vile vile, maana kamera inaona maji ya giza na kuunguza ndege. Flashi mbele ya ngila ni marufuku, na hakuna sababu ya kujaribu.

Kisha kuna jambo la kushuka na kupanda. Butembo iko kwenye baridi, karibu metre 1,800. Ukishuka Kyavinyonge, kando ya ziwa, uko kwenye metre 900 na kitu, na joto lake unalijua. Ukitoa kamera mu saki mara moja, kioo kinajaa ukungu kama dirisha la jikoni. Iache ndani ya saki iliyofungwa nusu saa, ipate joto polepole. Mu mvua, yaani kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, na tena kuanzia mwezi wa nane ao wa tisa mpaka wa kumi na mbili, kuvu inaweza kuota ndani ya kioo chenyewe, na ile haitokagi kwa kupangusa. Wengine wanaweka kamera mu kopo lenye mchele mkavu. Inasaidia kidogo, lakini vile vifuko vyenye punje za kunyonya maji, vinavyokuja mu viatu vipya, ni bora. Usivitupe.

Rwenzori ni shule ya uvumilivu peke yake. Kuna watu wamezaliwa Mutwanga na wanaweza kuhesabu asubuhi walizoona barafu wazi. Mwaka wa 1906 mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alipanda ule mlima kwa upande wa Uganda, akiwa na mpiga picha Vittorio Sella. Kamera za wakati ule zilikuwa nzito na nyingi zilitumia vioo mahali pa filamu. Wabebaji wa Kiafrika ndio walibeba ile mizigo mu matope mpaka karibu na barafu, na majina yao hayaandikwagi. Sella alibaki akingoja mawingu yafunguke. Kilele walichokiita Margherita kina metre 5,109 na kiko kwenye mpaka wetu.

Juu ya nini kazi ya mtu wa 1906 ina maana leo? Sababu wakati ule barafu ya Rwenzori ilikuwa inafunika karibu kilomita za mraba 6 na nusu, na leo haifiki hata moja. Watafiti wanasimama pale Sella aliposimama, wanapiga picha ile ile, wanaziweka pamoja. Pale kulikuwa barafu, sasa ni jiwe. Hakuna maneno ya mkutano wa mazingira yanayoweza kushinda zile picha mbili.

Kamera na bunduki

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kila msomaji wa Beni alikuwa akilingoja. Hapa kwetu shida kubwa ya mpiga picha wa pori si mvua wala siafu. Tangu Oktoba 2014 mauaji yanarudi mu teritware ya Beni, na pori zile ambazo zingekuwa nzuri kwa picha ndizo ADF wanajificha. Wakulima wenyewe wanaogopa kufika mu mashamba yao ya kakao. Nani ataenda kule kutafuta ndege? Tangu Mei 2021 jimbo letu na Ituri ziko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Mutu akionekana kando ya barabara na kamera yenye kioo kirefu, maswali yanafika mbio: unapiga nini, nani alikutuma, toa kadi tuone. Askari ana sababu ya kuuliza. Kijana wa kijiji pia ana sababu, maana amezika watu. Kwa hiyo mpiga picha mwenye akili hapigi picha ya kizuizi, ya kambi, ya daraja, ya magari ya jeshi, hata kama ndege mzuri ametua juu yake. Anapita kwanza kwa mkubwa wa kijiji, anaonyesha karatasi zake, anasema atakaa wapi na atarudi saa ngapi. Na kuingia mu parki bila ruhusa ya ICCN ni kosa, hata kama shamba lenu linapakana nayo.

Magardi wa parki wanalipa zaidi kuliko wote. Zaidi ya 200 wamekufa kazini mu Virunga tangu parki ianzishwe mwaka wa 1925. Mwezi wa Mei 2018, Rachel Masika Baraka, gardi msichana, aliuawa akilinda watalii wawili Waingereza waliotekwa njiani, na parki ikafunga utalii kwa miezi mingi. Kila picha nzuri ya Virunga unayoiona ku telefone yako, kuna gardi aliyekuwa amesimama pembeni, nje ya picha, akitazama upande mwingine.

Picha zilizofanya kitu

Mwezi wa Julai 2007, ngila wa jamaa ya Rugendo waliuawa kwa risasi upande wa Rutshuru. Hawakuliwa, hawakukatwa. Kati yao alikuwa dume mkubwa, Senkwekwe. Mpiga picha wa Afrika Kusini, Brent Stirton, alipiga picha ya wanakijiji na magardi wakimbeba Senkwekwe juu ya miti iliyofungwa pamoja, wamepanga mstari mu majani kama watu wanaomsindikiza mkubwa wao kaburini. Ile picha ilizunguka dunia. Watu walianza kuuliza juu ya biashara ya makala mu parki, jambo ambalo sisi tulikuwa tukilisema bila kusikilizwa. Wengine hapa waliuliza, na ni swali la haki: mbona ngila mmoja analiliwa na dunia yote, na watu wetu wanakufa bila picha? Mimi naona swali lile halipunguzi kazi ya Stirton. Linaonyesha tu kwamba picha ina nguvu, na kwamba mwenye kamera anachagua nguvu ile iende wapi.

Picha nyingine mliiona wengi. Mwezi wa Aprili 2019, gardi Mathieu Shamavu alijipiga selfi kule Rumangabo, na nyuma yake ngila wawili wamesimama kama watu, Ndakasi na Ndeze. Dunia ilicheka na kupenda. Wale wawili walikuwa yatima wa mauaji ya 2007, wamelelewa na watu tangu udogo. Ndakasi alikufa Septemba 2021 mikononi mwa mlezi wake André Bauma. Ngila wa pori si hivyo. Wanashika magonjwa yetu, kikohozi cha kwetu kinaweza kuua jamaa nzima. Njo maana mgeni anavaa barakoa na kubaki mbali, leo wanashauri metre 10. Na kumbukeni selfi ile ilipigwa wakati Ebola ilikuwa ikiua Butembo, Katwa na Beni. Sisi hatuhitaji mtu wa kutufundisha kwamba ugonjwa unaweza kupita kati ya nyama na mutu.

Mwezi wa Aprili 2025 tena, picha zilitoka mto Ishasha, kusini ya ziwa Edward: viboko wamekufa, wanaelea tumbo juu. Walikuwa angalau 50, na nyati kati yao. Ilikuwa kimeta. Wavuvi wetu wanajua kwamba zamani, miaka ya 1970, viboko wa Virunga walikuwa karibu 30,000, na kwamba mpaka miaka ya 2000 vita na uwindaji viliwashusha chini ya 1,000. Kwa hiyo 50 kwa mara moja si kitu kidogo. Zile picha zilisaidia kuonya watu wasiguse ile nyama na wachemshe maji.

Je, inalisha?

Hapana, tuseme ukweli. Mpiga picha wa Butembo anakula kwa ndoa, ubatizo, na sherehe za kumaliza masomo. Hakuna mtu mu mji anayenunua picha ya kinyonga. Anayetaka kufanya picha za pori anazifanya kando ya kazi ingine, na malipo yake ya kwanza ni kwamba anaanza kuona. Mtu akikaa saa moja bila kusogea kando ya mto, baada ya dakika ishirini ndege wanamsahau, wanarudi. Kuna wenye kumaliza maisha yao yote Butembo bila kujua kwamba kinyonga wa pembe tatu anaishi mu vichaka vya juu kwetu, na kwamba wazungu wanapanda ndege kuja kumtafuta.

Kwa kuanza, hauhitaji parki wala kamera ya dola elfu. Telefone inatosha kwa kinyonga, kwa vipepeo, kwa maua, kwa ukungu wa asubuhi juu ya vilima vya Lubero. Usivunje tawi ili kiota kionekane. Mwewe naye anaangalia. Usikamate kinyonga na kumweka ku jani zuri. Nyama uliyemkuta amekufa, mpige picha ukiwa mbali, usimguse, peleka habari kwa watu wa afya ao wa ICCN.

Na kabla ya kutuma picha ya nyama wa nadra ku WhatsApp, fungua kamera ya telefone, ingia mu mipangilio yake, tafuta pale panaposema mahali ao "localisation", zima. Kama haukuzima, ukituma picha kama faili inaweza kubeba ndani yake hesabu za pale uliposimama, na mwindaji anayejua kuzisoma anafika kesho yake. Zima, halafu usiandike jina la kijiji. Sema tu "upande wa Semuliki". Inatosha.